Geuka Kidogo

"Mwalimu, haifunguki."

Maneno hayo nimeyasikia mpaka nimeyachukia. Wa kwanza kuniambia alikuwa binti wa kidato cha tatu, darasani kwangu hapa Kilindoni, akaninyooshea simu mpya ya mama yake. Aligusa alama ya programu yetu, ile pembetatu ya kijani, kioo kikawa cheupe, kisha simu ikarudi palepale ilipoanzia. Nikamwambia azime, awashe. Akazima, akawasha. Wapi!

Tatizo nililijua kabla hajamaliza kuwasha. Simu za siku hizi zimebadilika ndani, na programu yetu ya hisabati ilihitaji kurekebishwa mistari michache tu ili ielewane nazo. Mistari yenyewe niliiandika siku hiyohiyo baada ya vipindi, nikaijaribu, ikakubali bila matata. Lakini kurekebisha ni jambo moja, kutoa ni jingine. Msimbo wetu, yaani mistari yote ya programu, uko wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuusoma, kuunakili na kuufanyia atakavyo, bure. Ila toleo jipya haliingii kwenye simu za watu kwa jina lilelile mpaka litiwe muhuri, na muhuri una nenosiri, na nenosiri analijua mtu mmoja. Mtu huyo amelala kitandani Baleni, kapigwa na kiharusi, hawezi kusema.

Ndiyo hivyo. Kazi yetu iko wazi kwa dunia nzima, na wenyewe tumefungiwa nje.

Mtu huyo alinifundisha hisabati nikiwa msichana. Baadaye nikarudi kufundisha shule ileile, darasa la pili kutoka lake, na mpaka leo namwita Mwalimu. Programu aliianza yeye, na aliianza kwa hasira. Alichoshwa na vitu vya kigeni vinavyodai intaneti kila dakika na kumsemesha mtoto wa Mafia kwa Kiingereza. Alitaka kitu cha kuchora grafu, kukokotoa sehemu na milinganyo, kwa Kiswahili, kwenye simu ya bei chee, bila bando. Mimi niliingia kwa ubishi. Niliona kosa kwenye hesabu za pembe, nikamwambia. "Haya, fundi, lirekebishe wewe," akasema. Nikalirekebisha. Akasoma kazi yangu mstari kwa mstari, akasema, "Takataka." Kisha akaipokea. Ndivyo alivyo. Ukisikia takataka halafu kimya, ujue umefaulu.

Tulikuwa na kompyuta moja iliyo nzima, yake, kwa hiyo kila Jumamosi nilikwenda kwake Baleni tukakaa nayo chumbani, mkewe akituletea chai na mihogo ya kuchemsha. Watu wa mbali wakaanza kujiunga kwa mtandao. Mmoja akatutungia somo zima la saa, kazi nzuri, rangi nzuri, ila mshale ukifika pale sisi tunapoita saa tatu asubuhi, maandishi yakasema saa tisa asubuhi. Lo! Mwalimu alivyofoka. "Saa tisa asubuhi! Huyu anafundisha watoto au anafundisha popo?" Akaliandika upya lote. Lakini siku watafiti wanaohesabu samaki huko Ghuba ya Chole walipotuandikia kwamba wanachorea grafu zao kwa programu yetu, alimsomea mkewe ujumbe ule tena na tena, mpaka mama wa watu akasema, "Baba, nimesikia, na jirani kasikia."

Kila toleo jipya likiwa tayari, saa ya muhuri ilifika. "Geuka kidogo," aliniambia. Nami nageuza uso ukutani. Kwetu humkodolei mtu macho anapobonyeza namba yake ya siri. Hata kwa wakala wa pesa watu wote hutazama juu, utadhani wanakagua bati. Nilisikia vitufe tu, kwa kasi, mikono yote miwili, halafu pigo moja kubwa la mwisho. "Haya." Nageuka, tunaendelea na chai.

Kuna mtu wa nje, mmoja wa wale waliojiunga, aliwahi kutuuliza kwa adabu zake zote: je, mwenye muhuri akiugua au akifa, itakuwaje? Akashauri nenosiri apewe na mtu wa pili. Mwalimu alinisomea, macho yamemtoka. "Unamwona huyu? Hanijui, hajanipa hata shikamoo, ananichuria!" Mimi nilikasirika kuliko yeye. Mkewe akasema Mungu apishilie mbali. Na kweli, uchuro si mchezo. Unamtazamaje mtu mzima, mwalimu wako, ukamuuliza, ukifa ufunguo nichukue mimi? Mdomo huo naupata wapi? Mwalimu alimjibu yule bwana neno moja tu, Inshallah, na hapo mazungumzo yakaisha.

Alianguka alfajiri akitawadha. Nilipofika kumjulia hali nyumba ilikuwa imejaa watu. Nikapiga goti kando ya kitanda. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akajibu. Safi kabisa, sauti yake ileile.

Jamani, nilivyofurahi! Nikasema mbona mzima, watu wametutisha bure. Nikamuuliza kaamkaje. Akafungua mdomo, kikatoka kitu ambacho si neno. Akajaribu tena, kikatoka kilekile. Mkewe akanishika bega, akanieleza polepole. Marahaba inatoka. Alhamdu inatoka yote mpaka amina. Ukimwanzishia kuhesabu, anahesabu. Lakini jina la mkewe haliji, wala maji, wala nipe. Daktari kawaambia maneno yaliyozoeleka yana njia yake kichwani, na maneno ya kutafuta yana njia nyingine, na hiyo ya kutafuta ndiyo iliyoharibika. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala.

Kila mtu alikuja na chake. Huyu kaleta mafuta ya kuchua, yule kaleta kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji akanyweshwa. Mimi nilikuja na mikono mitupu, nikakaa kwenye mkeka kama mzigo uliosahauliwa. Nilipoondoka, mkewe akanikabidhi ile kompyuta niendelee na kazi.

Simu ziliendelea kugoma, moja baada ya nyingine, kila mtoto aliyepata simu mpya. Ndipo nikapata wazo. Kama mdomo una maneno uliyoyazoea, na vidole je? Nikamuuliza mkewe, naye akamuuliza mwenyewe. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu, macho yakamwaka. Tukamwinua juu ya mito. Nikafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta ili herufi zionekane, nikamwekea mkono wa kushoto mahali pake. "Mwalimu," nikasema, "toleo liko tayari. Tia muhuri."

Na mimi, wallahi, nikageuza uso ukutani. Mazoea.

Nikasikia vitufe. Kasi ileile! Ta-ta, kimya, ta, kimya kirefu, ta-ta-ta. Nikageuka. Mkono wa kushoto ulikuwa unaruka, unasimama, unamngoja mwenzake, unaruka tena. Wa kulia umelala juu ya shuka, haujui kinachoendelea. Lile pigo kubwa la mwisho halikuja. Kwenye kioo zilikuwapo herufi za upande wa kushoto tu. Tukarudia, zikaja zilezile. Mkono ulilijua nenosiri vizuri sana, ila nusu yake.

Nilishangilia kama mjinga. Nikadhani kazi imebaki ndogo, kujaza mapengo. Nikajaza majina ya wanawe, ya wazazi wake, ya vijiji, ya nyiradi, ya samaki. Nikaandika programu nyingine ya kubahatisha, nikaiacha inabahatisha mpaka kompyuta ikawa ya moto kama pasi. Hakuna. Nikarudi kwake kumuuliza, mimi na kiherehere changu. Mwalimu, ni jina la mtu? Ni aya? Lina namba ndani? Alitaka kunijibu. Alitaka kwa mwili mzima, mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamjaa. Kilichotoka ni moja, mbili, tatu, nne, tano. Akawa hawezi kujizuia. Alihesabu huku analia, na mimi niliyefundishwa kuhesabu na mdomo ule nimekaa hapo namtazama.

"Mwanangu, basi," mkewe akasema. "Mwache apumzike." Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Yule mtu wa nje, aliyetuchuria, akaandika tena. Wala hakusema si niliwaambia. Akashauri, chukueni msimbo wenu wenyewe, upeni jina jipya, muhuri mpya, waambieni watu waweke hiyo mpya. Kwake rahisi! Kazi za watoto zimo ndani ya ile ya zamani, wakiifuta zinakwenda nayo. Halafu jina lile alilitoa Mwalimu, na lililo hai halizikwi. Nikakataa. Nikamfokea mtu wa watu aliyejitolea usiku na mchana bila malipo. Mwaka mpya wa masomo ukaanza, darasa jipya likaingia, na nusu yao hawana kitu mkononi. "Mwalimu, haifunguki." Ningefanyaje? Nikakubali.

Lakini nyuma ya mgongo wake, hapana. Nikabeba kompyuta, nikaenda Baleni. Nilimkuta ameegemea mito, simu yake mapajani. Simu ile kuukuu haijabadilika ndani, kwa hiyo kwake programu inafunguka vizuri, na kwa kidole cha kushoto alikuwa anachora grafu, anafuta, anachora. Nikampa shikamoo, akaniitikia. Nikamweleza yote. Nikamwonyesha jina jipya, na chini yake majina ya walioitengeneza, lake la kwanza, langu baada yake. Akayapitia kwa kidole, jina kwa jina.

"Takataka," akasema.

Safi kabisa. Mkewe aliangua kicheko mpaka akajifunika kanga usoni, na alipoifunua macho yalikuwa mekundu, akasema anakwenda kuchemsha maji. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja. Mpaka leo sijui kama ni yeye aliyesema, au ni ile njia ya maneno yaliyozoeleka.

Tukabaki wawili. Nikabonyeza, kikatokea kisanduku kinachotaka nenosiri la muhuri mpya. Mwalimu alikiona. Akaanza kugeuza uso. Shingo ilikuwa ngumu, ilimchukua muda, lakini aliugeuza wote, akautazama ukuta.

"Usigeuke, Mwalimu," nikamwambia. "Nakuomba, tazama. Safari hii tazama."

Hakutazama. Nikamsihi, nikamgusa bega. Alibaki vilevile, mtu mwenye adabu zake, ananingoja nimalize. Basi nikaandika herufi moja moja, na kila ninayoiandika nikaitaja kwa sauti, karibu na sikio lake, mpaka ya mwisho. Nikapiga lile pigo kubwa kama alivyokuwa akilipiga yeye.

"Haya," nikasema.

Akageuka. Kwa hiyo sasa nenosiri linajulikana na watu wawili, kama tulivyoshauriwa. Mimi, na Mwalimu.