Picha Iliyotazama Ukuta

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, simu yangu ililia nikiwa bado nachuja chai. Alikuwa binamu yangu wa Subukia, yule aliyebaki kwenye shamba la marehemu nyanya yetu. Hakunisalimu.

"Mafundi wamefika," alisema. "Wameanza na mabati. Wakimaliza paa wanaingia kuta. Kama unaitaka hiyo picha yako, acha chai."

"Si tulisema Jumatatu?"

"Ni wewe ulisema Jumatatu. Mvua haikuambiwa."

Nilizima jiko. Nikapakia kwenye pikapu birika, jiko dogo la gesi, kisu chembamba kisicho na makali, chupa ya kunyunyizia maji na rundo la magazeti makavu, nikatoka Free Area, mtaani kwangu Nakuru, na kushika barabara ya Bahati. Kwa kawaida mimi si mtu wa haraka. Kazi yangu ni kurekebisha mizani ya maduka na ya vituo vya maziwa, na mizani haimpendi mtu wa haraka. Lakini kwenye ukuta wa nyumba ile kulikuwa na karatasi moja niliyoitafuta kwa miaka ishirini na sita, na aliyeificha pale ni mimi mwenyewe.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Kabla mashamba hayajagawanywa, nyanya alikuwa mpishi wa mzungu mmoja. Mzungu alipoondoka alimwachia sufuria kubwa, ng'ombe mzee na masanduku mawili ya majarida kutoka Marekani. Ng'ombe alikufa mwaka huohuo. Sufuria ilitoboka. Majarida yalidumu.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao za saiprasi. Mbao hizo zikikauka huachana, na baridi ya mwezi wa saba hupita kati yake kama mtu aliyealikwa. Dawa yake ilikuwa karatasi. Kila mwaka, wiki moja kabla ya Krismasi, kila nyumba kijijini ilibandikwa upya. Majirani walitumia magazeti na mifuko ya saruji. Sisi tulibandika Marekani.

Gundi ilipikwa kwa unga wa ngano na maji, ikakorogwa mpaka ivutike, kisha nyanya akatia chumvi na pilipili ya kusaga ili panya na mende wasile ukuta. Tulipiga chafya siku nzima. Unga uliobaki ulikuwa wa mandazi, na mafuta yalibandikwa jikoni kabla sisi hatujamaliza kazi, kwa makusudi nadhani, ili tusilegee. Mpaka leo, nikifungua jarida la zamani, pua yangu inangoja pilipili na mandazi, na mara nyingine nusura nipige chafya bure.

Kila mtu alikuwa na nafasi yake. Binamu yangu, aliyenizidi mwaka mmoja, alipangusa ukuta. Mimi nilipaka gundi kwa brashi ya katani. Nyanya alikaa kwenye kigoda akichagua kurasa, na hakuharakishwa na mtu. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: "Tazama kwa macho, mikono ni ya kazi." Ya pili: "Ukipaka, umebandika." Unga ulikuwa wa kununua, na karatasi ikishalowa haigeuzwi, itararuka.

Majarida yale yalikuwa na wachoraji wengi, lakini mmoja tulimtambua kabla sijajua kusoma Kiingereza. Sahihi yake ilikuwa ndogo, kwenye pembe ya chini, herufi zimepinda kama msumari uliokosewa nyundo. Tulimwita Mzee wa Pembeni. Jina lake halisi nililijua baadaye, lakini nimezoea lile la kwetu.

Tulimtambua kwa magoti. Wachoraji wengine walichora suruali mpya. Ya kwake ilikuwa imeshapiga magoti mara nyingi, na kitambaa kilikumbuka. Aproni zake zilikuwa na alama pale mkono unapopanguswa bila mwenyewe kujua. Soksi moja ilisimama, ya pili ilianguka. Kulikuwa na mpeleka barua kwenye mvua, kichwa kimelowa, kofia ameifunika juu ya barua za watu. Kulikuwa na kwaya ya kanisa ambamo mwimbaji mmoja anazuia chafya na wenzake wote wameshajua. Nyanya alishika ule ukurasa wa kwaya muda mrefu, akasema, "Huyu mtu amewahi kukaa jikoni." Kwake hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Theluji ilitushinda. Jirani yetu alikuwa mkulima wa pareto, na pareto ikichanua shamba lote huwa jeupe, basi tukaamini Marekani ni pareto tupu, mpaka juu ya mapaa. Jirani mwenyewe aliamini. Alikuja na kofia mkononi, akasimama mbele ya ukuta wetu, akamuuliza nyanya kwa sauti ya huruma, "Sasa hiyo yote nani anapalilia?"

Nilikuwa na miaka tisa sanduku la pili lilipofika chini. Huko chini kulikuwa na ukurasa mmoja uliochomoka, hauna jalada wala tarehe. Ulikuwa wa Mzee wa Pembeni. Mwanamke mzee anampima mtoto urefu kwenye fremu ya mlango, penseli mkononi. Nyanya alipouona alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha akatuita mlangoni, akaokota kaa la moto lililopoa, akatupima sisi pia. Mimi nilisimama kwa vidole vya miguu. Alinikanyaga visigino taratibu kwa mguu wake, akachora mstari. Toka siku hiyo tulipimwa kila Krismasi.

Ukurasa ule ulipangiwa mahali pa heshima, juu ya kitanda changu. Nyanya alinipa niupake mwenyewe. Bahati mbaya andazi la kwanza lilitoka kwenye mafuta dakika ileile, na macho yangu yalikuwa huko. Niliposhusha brashi, nilikuwa nimeipaka picha yenyewe, uso mzima.

Nilijua sheria. Binamu yangu pia aliijua, na alikuwa ameshafunika mdomo. Nikabandika. Picha ikaelekea ukutani, na nyuma yake ikajitokeza tangazo la friji iliyojaa nyama.

Nyanya hakunigombeza. Alisema, "Basi huyo mama atalinda nyumba kutoka ndani. Wewe utalala ukitazama friji." Na nililala nikitazama friji kwa miaka minane, maana kila Krismasi nyanya alitukataza kuifunika. Wageni waliisifu sana.

Nilipoanza kujipatia riziki yangu, nilianza kumtafuta Mzee wa Pembeni. Nilipekua vitabu vya mitumba kwenye barabara za Nakuru, maktaba za shule zilizotupa karatasi kuukuu, minada ya nyumba za mashamba kutoka Molo hadi Gilgil. Kule Kikopey nilikuta mwenye bucha ametundika ukurasa wake mmoja juu ya kaunta, umejaa madoa ya mafuta. Nilikula nyama pale Jumapili nne mfululizo kabla hajakubali tubadilishane kwa kumtengenezea mizani. Kwa kurasa hizo, na kamusi moja iliyochanika mgongo, ndipo nilipojifunza Kiingereza kilichonikosa shuleni. Leo ninazo mia moja arobaini na tatu, kila moja kwenye bahasha yake, na maelezo: ukubwa, mwanga unatoka wapi, mikono inafanya nini. Mikono hasa. Ukitaka kujua mchoraji anasema nini, usiangalie uso kwanza.

Lakini ile sikuipata. Hata mtandaoni, nilipojua kutumia mtandao, nilitafuta mvulana anayepimwa huku amesimama kwa vidole ili aonekane mrefu. Hakuwepo.

Binamu yangu alisema hakuwepo kwa sababu hakuchorwa. "Mtoto hakuwa anadanganya," aliniambia, miaka kumi iliyopita, tukipukuchua mahindi. "Mwenye kudanganya alikuwa shosho."

"Shosho gani tena?"

"Yule mwanamke mzee wa kwenye picha. Wewe ulikuwa unaangalia mandazi."

Tuliwekeana dau la shilingi mia tano palepale, gunia la mahindi likiwa shahidi. Ukuta haukuweza kutuamulia. Nyanya alikuwa amekataza ubanduliwe akiwa hai, na baada yake binamu yangu alilea watoto wake humo. Huwezi kubandua ukuta wa mtu anayelala. Mwaka huu amejenga nyumba ya mawe, na ya zamani ilibidi ipishe.

Nilifika saa mbili na dakika ishirini na tano. Paa halikuwepo. Chumba changu cha utotoni kilikuwa kimejaa jua mpaka kwenye pembe, jambo ambalo hakikuwahi kuliona. Juu ya ukingo wa bonde wingu lilikuwa limeshakaa.

"Mzee, hizo mbao zimepata mwenyewe," fundi mkuu aliniambia kutoka juu ya ngazi. "Kuna jamaa wa banda la kuku anakuja kuzichukua saa nne."

"Boss, nipe saa moja."

"Ya saa ama ya mvua?"

"Mpe tu," binamu yangu alimwambia. "Huyu ni Injinia wa Kilo. Akikosa hiyo karatasi ataanza kutupima sisi."

Nilichemsha maji. Juu ya friji yangu kulikuwa na tabaka tatu za miaka ya baadaye: gazeti, kalenda ya duka la dawa za mifugo, gazeti tena. Nilizilowesha na kuzivua moja moja. Friji ilipotokea, manjano kama jino, nyama yake bado imo, nilisimama kidogo. Kisha nikaelekeza mvuke, nikaingiza kisu pembeni, nikangoja. Gundi ya nyanya ilikuwa imeamua kukaa. Nilingoja, nikanyunyiza, nikangoja tena. Mafundi wawili walishuka kutazama. Pembe ya kwanza iliachia, halafu ya pili, na pilipili ya miaka arobaini na tatu ikapanda na mvuke. Fundi mkuu alipiga chafya tatu. Binamu yangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Usishike huo ukuta," nilisema.

"Vuta basi, watu wazeeke wakiwa wameona."

Karatasi ilianguka mikononi mwangu kama kitambaa kilicholowa. Niliilaza juu ya magazeti, uso juu. Ilikuwa na madoa ya kahawia na matundu mawili ya misumari. Mengine yote yalikuwepo, hata msumari uliopinda wa sahihi.

Nilitazama miguu ya mtoto kwanza. Nilitoa lenzi ninayotumia kusoma mizani midogo. Visigino vilikuwa chini, vimetulia kabisa. Mtoto amefumba macho, anangoja kwa uaminifu. Ndipo nikatazama mkono, kama ninavyowashauri wengine. Penseli ya yule mwanamke haikugusa nywele. Ilikuwa juu yake, upana wa vidole viwili, na amebana mdomo wa chini kama mwizi wa sukari.

Binamu yangu alinyoosha kiganja.

"Subiri," nilisema, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka fremu ya mlango.

Ilikuwa bado imesimama, mafundi walikuwa wameiacha ya mwisho. Mistari ya kaa ilikuwa imefifia lakini inasomeka. Wangu wa mwisho ulichorwa nilipokuwa na miaka kumi na saba, mwaka niliohamia mjini, na sikuongezeka tena baada ya hapo. Nguo zangu ni shahidi. Nilivua viatu nikasimama, visigino chini. Fundi mkuu aliweka pima maji yake juu ya kichwa changu, akakodoa macho.

"Mzee, uko chini ya mstari. Vidole viwili."

"Watu hupungua wakikua," nilisema.

"Na ugali wote huo?" binamu yangu aliuliza. Kisha akavua viatu, akasimama yeye. Vidole viwili.

Maisha yangu yote nimewaambia wenye maduka kwamba kidole kwenye mizani ni wizi. Sikujua kwamba kipimo changu cha kwanza kilikuwa na vidole viwili ndani yake. Nyanya alinikanyaga visigino nisijiongezee, halafu akaniongezea mwenyewe. Alikuwa ameuelewa ule mchoro kwa kuutazama mara moja. Mimi nilikuwa na kurasa mia moja arobaini na tatu na lenzi.

Nilimuuliza fundi kama jamaa wa kuku angeihitaji ile fremu. "Chukua," alisema. "Kuku hawana urefu huo." Tuliipandisha kwenye pikapu, na karatasi nikailaza kwenye kiti cha mbele, kati ya magazeti mawili.

Mvua ilianza saa tano kasoro dakika nane. Tuliitazama kutoka kwenye veranda ya nyumba mpya, ikinyesha mahali palipokuwa kitanda changu. Nyumba mpya ni nzuri. Kuta zake ni laini, rangi ya maziwa, na upepo hauna pa kupitia. Hazihitaji karatasi, kwa hiyo Desemba hakutakuwa na gundi, wala mtu wa kupiga chafya, wala jirani wa kuja na kofia mkononi kuihurumia pareto ya Marekani. Wajukuu wa binamu yangu hupimwa kliniki, kwa chuma chenye namba, na namba ni sahihi.

Alileta chai, na mandazi chini ya kitambaa. Alikuwa ameyapika kabla hajanipigia simu. Alijua nitakuja na alijua atashinda. Nilikula manne. Kisha nikatoa simu yangu nikamtumia deni lake, naye akaisoma meseji kwa sauti, kiasi kizima, ili mafundi wasikie. Katika miaka ishirini na sita ya kumkusanya Mzee wa Pembeni, hiyo ndiyo hasara yangu yote: shilingi mia tano.