Beji Niliyombandika Mwanangu

Mimi yule mgeni sikumwamini tangu aliposhuka kwenye gari lake na buti za mpira mpya kabisa. Alitukusanya sisi wanawake tuliokuwa tukiosha mchanga wa dhahabu huko Nyatike, akatugawia kila mmoja beji ya karatasi nyeupe ndani ya plastiki. Tuivae kifuani siku tatu, alisema, ikigeuka rangi tutajua hewa yetu ina moshi wa zebaki.

Yawa! Karatasi inayojua hewa? Tena mwenye shimo, bwana aliyetuajiri, alikuwa amesimama nyuma yake, anatabasamu. Huyo bwana hakuwa mtu wa kutabasamu bure.

"Nyar Kosele, hiyo inanusa dhahabu," mama mkwe aliniambia jioni. Aliniita hivyo kwa sababu nilitoka Kosele. "Wanatafuta nani anaficha."

Na mimi nilikuwa naficha. Kila siku nilifunga mchanga kidogo kwenye pindo la leso, nikifika nyumbani nauchanganya na zebaki hadi dhahabu igande nayo kuwa kidonge. Kidonge kile nilikichoma jikoni kwenye kijiko, mlango nimeufunga na dirisha nimeliziba kwa gunia, majirani wasione moshi. Mwenye shimo angejua, ningefukuzwa siku hiyo hiyo.

Wenzangu nao waliogopa, wakaziacha beji zao ghalani hadi siku ya kuzirudisha. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote: nilimbandika binti yangu wa miezi minane. Nani atamshuku mtoto anayenyonya?

Siku ya nne mgeni alirudi. Beji za wenzangu zilikuwa nyeupe vilevile. Yangu ilikuwa imeiva kama chungwa. Kumbe kweli inanusa dhahabu, nimeshikwa!

Lakini mgeni hakumtazama mwenye shimo. Alinitazama mimi, uso umemshuka.

"Dada, umevuta moshi mwingi sana. Huu huharibu mishipa ya fahamu, mikono huanza kutetemeka. Unachoma wapi?"

"Sichomi," nilimjibu kwa ukali. "Mimi naosha tu."

"Basi hii ilikuwa wapi?"

Mwenye shimo akasogea karibu, lile tabasamu limeisha. Binti yangu alikuwa mapajani mwangu, anavuta kifungo cha blauzi yangu, na mimi bado napiga hesabu ya kusema uongo gani. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Sikuivaa mimi," nikasema mwishowe. "Aliivaa huyu. Nachoma jikoni, anakolala."

Mwenye shimo alinifukuza palepale, hata karai langu sikuruhusiwa kuchukua. Nilijifungia mtoto mgongoni nikaenda, na kijiko kile nilikitupa chooni.

Binti yangu sasa ni mama wa watu. Husema nina macho ya polisi, kwa vile akiniletea chai, kabla sijamsalimu, naangalia mikono yake.