Niliponyamaza, Saksofoni Haikunyamaza

Niliacha shule mwaka wa tatu na sijawahi kuijutia. Nilichonacho hapa Rumonge nimekikamua kwa mikono yangu: nyumba ya matofali ya kuchoma, michikichi upande wa Gatete, na kinu cha mawese kando ya barabara ya Nyanza-Lac. Kwa hiyo anayesoma hapa asitafute maneno laini. Ninaandika jinsi tulivyokwenda Bujumbura kuimba na watu wa jazz katika nyumba ya utamaduni ya Wafaransa, na jinsi nilivyorudi mikono mitupu.

Kinu changu kina mota ya mazutu. Mazutu yalipoadimika, magari yakalala kwenye foleni za stesheni za mafuta, na mota nayo ikalala. Lakini ngazi, haya matunda ya mchikichi, hazijui habari za foleni. Zikiiva zimeiva. Usipozichemsha na kuzikamua zinaoza, na harufu yake inafika msikitini. Basi nikatoa kinu cha zamani kilichokuwa nyuma ya nyumba kinalaliwa na kuku: pipa la chuma lenye matundu, parafujo nene katikati, na juu yake mti mrefu wa kusukuma. Watu wanne wanashika mti na kuzunguka, parafujo inashuka, mafuta yanatoka chini. Kazi ya kuvunja kiuno. Na kazi hiyo haiendi bila wimbo, kwa sababu miguu minane isiyo na wimbo inakanyagana.

Wimbo wa kinu changu aliutunga mke wangu, Mungu amrehemu. Aliutunga miaka ile tulipoanza, tukiwa na kinu hicho kimoja na bati nane juu ya vichwa vyetu. Aliutunga kunisema mimi. Yeye akiimba, "Mwenye kinu ana tumbo," wasukumaji wanajibu, "Sisi tuna mgongo." Anaimba, "Tumbo limefika mlangoni," wanajibu, "Mwenyewe yuko njiani." Watu walikuwa wanasukuma huku wanacheka, na mimi nimekaa pale nimekaza uso kama sisikii. Mafuta yalitoka mengi kuliko kwa majirani. Ningemnyamazisha kwa nini?

Yeye ndiye aliyeweka na sheria. Anayeimbisha husimama karibu na pipa, maana ndiye anayeona mikono. Kuna mtu kila mara anaingiza mkono kusukumia makapi chini ya parafujo. Mwimbishaji akinyamaza katikati ya mstari, mti unaachwa palepale. Hakuna kuuliza, hakuna kumaliza hatua. Ukimya maana yake mkono wa mtu uko ndani. Tangu alipoiweka sheria hiyo, hakuna aliyeacha kidole kwangu. Nendeni mkatazame vinu vingine, mhesabu vidole.

Alipokufa, wimbo niliushika mimi. Mwanamume mzima, ninaimbisha watu tumbo langu mwenyewe.

Jumapili moja wanamuziki walikuwa wanarudi mjini kutoka kuoga ziwani Nyanza-Lac, wakasikia wimbo, wakasimamisha gari. Mmoja alikuwa Mfaransa mwenye upara, mpiga saksofoni, ndiye mkubwa wao. Mwingine kijana wa Buyenzi kule Bujumbura, mpiga gitaa, Kiswahili chake kama chetu.

"Amahoro, muzee," akasema yule kijana. "Huu wimbo iko wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Yeye iko wapi?"

"Iko makaburini."

Akaniomba radhi, akamtafsiria mkubwa wake. Mfaransa akafumba macho, akapiga vidole vyake kufuata hatua za wasukumaji, akasema maneno mengi. Kijana akasema wanataka tuimbe nao jukwaani. Wana jambo la kuchanganya: jazz, ngoma za huku, rumba, kila kitu ndani ya sufuria moja.

"Mimi sitaki chochote," nikamwambia. "Ninataka kitu kimoja. Kabla ya wimbo kuanza, watu waambiwe jina la aliyeutunga. Lote, na la baba yake."

"Hilo ni dogo, muzee. Tutalitaja."

"Lirudie nisikie."

Akalirudia vizuri, herufi zote.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshika mti. Ni mjane, ulimi wake unakata kuliko panga. Akasema, "Shemeji, watalitaja kweli, au watakutaja wewe na tumbo?"

"Watalitaja."

"Haya. Nitakwenda nilisikie kwa masikio yangu."

Tulikwenda watatu: mimi, shemeji, na jirani yangu aliyerudi kutoka Kigoma baada ya miaka mingi ya ukimbizi, msukumaji mwenye kifua kama mlango. Tulibeba na mti wa kinu, tukaufunga juu ya Hiace. Konda akatuuliza kama tunahamia mjini na nguzo ya nyumba. Ukweli ni kwamba tulijaribu kuimba bila mti na maneno yalikataa kutoka. Mdomo umezoea kuamshwa na miguu.

Ile nyumba ya Wafaransa nzuri, siwezi kusema uongo. Ukumbi una giza la kununuliwa na taa zinazokuchagua wewe peke yako. Nilivaa kanzu nyeupe na koti. Watu wameshika bilauri za mvinyo, Wazungu na vijana wa mjini wenye nywele za kila namna. Muziki wao niliusikiliza tukiwa tunangoja pembeni. Mpiga ngoma anaanza kitu, anakiacha, mwingine anakiokota anakipeleka kwingine. Shemeji akanong'ona, "Hawa wanafukuzana?" Jirani akasema, "Nyamaza, wengine wamelipa." Mimi nilikuwa ninangoja jina tu. Nilikuwa ninalisema moyoni, kama mtu anayeogopa kusahau njia.

Tukaitwa. Mti uliwekwa juu ya pipa tupu katikati ya jukwaa. Shemeji na jirani wakaushika, mimi nikapewa mikro. Kijana wa gitaa akanikonyeza. Mfaransa akaanza kupuliza taratibu, mpiga ngoma akaingia, na hakuna aliyesema kitu. Nikajiambia, labda ni baadaye. Nikaimba.

Mstari wa kwanza, wa pili. Mti unazunguka, pipa linalia vizuri. Watu wakapiga makofi kufuata hatua, na ninakiri nilifurahi. Nilimwona mke wangu vile alivyokuwa akisimama na kitambaa chake begani. Kisha Mfaransa akatoa saksofoni mdomoni, akasogelea mikro yake, akasema na watu huku ngoma inaendelea chini chini. Kifaransa changu ni cha kuuzia mafuta, lakini nikasikia "traditionnel" na nikasikia "anonyme". Hayo mawili ninayajua. La kwanza maana yake ni wa mababu. La pili maana yake hauna mwenyewe.

Mababu! Mababu zangu walilijulia wapi tumbo langu?

Nikanyamaza katikati ya mstari. Nilijua ninachofanya. Nilitaka kila kitu kisimame, kama kinavyosimama nyumbani, halafu katika ule ukimya niseme jina lake mwenyewe, mbele ya watu wote, hata wakinitoa nje baadaye.

Shemeji na jirani waliachia mti palepale. Shemeji akaruka mbele, macho yamemtoka, akashika ukingo wa lile pipa tupu na kulichungulia. "Mkono wa nani?" akapiga kelele. "Mkono wa nani?" Jirani naye amepiga magoti anatafuta mtu wa kumtoa.

Ukumbi ukacheka. Halafu ukapiga makofi, makofi makubwa ya kusimama. Walifikiri ni mchezo tumeupanga.

Na wanamuziki hawakusimama. Walionyamaza tulikuwa sisi tu. Mfaransa alipoona nimeacha nafasi, akaingia na saksofoni yake ndani ya ile nafasi, akapanda juu, juu zaidi, kama mtu aliyekuta mlango wazi na nyumba haina mwenyewe. Nikaweka mdomo kwenye mikro, nikalisema jina. Nikalisema lote, na la baba yake. Mimi mwenyewe sikulisikia. Nikalisema tena. Mtu mmoja mbele yangu akanipungia mkono, anacheka, anafikiri ninaimba.

Baadaye kijana wa gitaa alitukuta uani, jasho linamtoka, furaha imemjaa.

"Muzee! Ule ukimya! Patron wetu wa saksofoni amelia, ninakuambia. Anasema kwenye konseri ya kesho muuache vilevile, na mama apige kelele vilevile."

"Jina liko wapi?"

Akajikuna shingo. "Muzee, patron alisema ikiwa 'traditionnel' watu wanaipenda zaidi. Inakuwa ya kila mtu."

"Ya kila mtu. Basi kila mtu aje kupalilia kaburi lake. Mimi ninapalilia peke yangu."

"Usikasirike, muzee. Jazz iko hivyo. Mwenzako akiacha nafasi, unaingia. Ni heshima kwake."

"Kwetu mwenzako akiacha nafasi, unaacha mti. Hiyo ndiyo heshima."

Akatazama chini. Hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana kwa mtu mbaya ningekuwa na la kufanya. Alitushukuru kwa "murakoze" nyingi, akarudi ndani walikokuwa wanamwita. Tuliondoka asubuhi na mti wetu. Konseri ya pili walifanya bila sisi. Nasikia walikuwa wamerekodi ukimya wetu kwenye mashine, wakaupiga, na watu wakafurahi.

Ndani ya gari shemeji alinigeukia tulipokaribia nyumbani.

"Ulinyamaza hakuna mkono," akasema.

"Nilitaka kulitaja jina."

"Nimeelewa ulichotaka. Umeutumia ukimya wa dada yangu kugombana na Wazungu." Akageukia dirisha. "Moyo wangu ulisimama, shemeji. Nilifikiri kuna mtu pale ndani."

Tuliposhuka, niliufungua mti juu ya gari mwenyewe.

Ngazi zilikuwa zinangoja. Siku iliyofuata tulichemsha, tukafunga mti, nikasimama mahali pangu karibu na pipa. Nikaimbisha. Katikati kikohozi kikanikaba, nikanyamaza. Jirani aliachia. Shemeji hakuachia. Alikwenda hatua moja zaidi, mzigo wote kifuani kwake, ndipo akasimama. Akanitazama.

"Huu ni wa kweli," akauliza, "au wa Bujumbura?"

Wengine wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini hatua moja inatosha kutoa kidole. Kazi yote ya yule mwanamke ilikuwa kwamba mtu asiulize. Sasa wanauliza.

Nikatoka pale karibu na pipa. Nikamwambia shemeji asimame yeye, mimi nikashika mti. Hakukataa. Alijifunga kitambaa begani, akatazama mikono, akaanza: mwenye kinu ana tumbo. Nikajibu na wenzangu kwamba sisi tuna mgongo. Aliponyamaza kwa makusudi kutujaribu, niliachia wa kwanza.

Watu bado wanakuja na simu zao wanataka wimbo. Wengine wananiuliza nani aliutunga, na naona hata wewe unayesoma ungependa kujua. Jina lake nililibeba mara moja mpaka mjini, nikaliweka mbele ya watu, likafunikwa. Hapa silitaji. Anayelitaka aje Rumonge wakati wa ngazi, ashike mti. Shemeji hulisema kila asubuhi kabla hatujaanza, lote, na la baba yake, na tukiwa hatujalisikia sote wanne, hatuzunguki.