Gobore la Watu Watatu

Mpaka leo nikisinzia mchana naiona njia ya chumvi. Nyasi ndefu, ukungu umelala juu yake, na migongo ya wenzangu inaelea mbele yangu bila miguu. Nasikia raha, halafu nakumbuka.

Sisi vijana wa Samuye, miaka ile ya hamsini, ilikuwa lazima uende ziwa Eyasi kuchota chumvi. Hujaenda? Basi we si mwanamume, na wasichana watakucheka hadharani. Njia ilikatiza nchi ya simba, na serikali ilikuwa imeigeuza hifadhi. Kaka yangu alikuwa na gobore la marehemu baba, na leseni anayo. Mke wake alikuwa mjamzito. Alimwambia mbele yangu, "Usiende bila hilo gobore. Mimi nakutaka wewe, chumvi siitaki."

Mpakani mwa hifadhi tukamkuta askari wa Bwana Nyama, yule mkubwa wa serikali wa mambo ya wanyama. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akaitazama leseni.

"Hii ni ya huko kwenu. Humu ndani haingii bunduki. Iacheni hapa, mtaichukua mkirudi. Nikiwakuta nayo, mmefungwa."

Tukasema sawa, baba, tukaenda kukaa kichakani, mimi, kaka na binamu yetu. Kaka akaanza kucheka peke yake.

"Ng'ombe akishachinjwa si ng'ombe tena, ni nyama," akasema. "Na bunduki ikishafunguliwa ni chuma na mti tu. Nani amekataza mti?"

Loo, tulimwona ana akili huyo! Kitako akabeba yeye, mtutu nikaufunga ndani ya mzigo wangu, binamu akapewa pembe ya baruti. Tukazunguka, tukaingia hifadhini tunaimba. Kwa kuogopa doria hatukuiunga bunduki hata mara moja, si kwenda, si kurudi.

Tulikuwa tunarudi na chumvi yetu, asubuhi, ukungu umetanda kila mahali na ndege wanalia wasikoonekana. Kaka yuko mbele. Binamu amebaki nyuma kijitoni, ananawa uso. Nyati akatokea kwenye ukungu, dume, peke yake.

"Mtutu!" kaka akapiga kelele. "Leta mtutu!"

Nikautupa mzigo chini, nikahangaika na kamba. Umande ulikuwa umeikaza, na kila fundo lilikuwa na chumvi. Niliponyanyua macho, kaka ameweka kile kitako begani, analenga. Analenga na mti mtupu, jamani! Yule nyati machoni pangu alikuja polepole, sijui kwa nini. Mpaka leo anakuja polepole.

Kaka tulimzika palepale, tukamwekea miiba juu. Hakuna askari aliyetuona, wala hatukufungwa. Nimemlaani yule askari miaka mingi, na maskini wa Mungu, alichosema ni tuiache tu.

Binamu akabeba mzigo wake na gobore lote. Mimi nikabeba chumvi yangu na ya kaka.

Kwetu watu wa chumvi wakirudi, wanawake hutoka kuwapokea njiani. Wakiona vumbi tu, wanaanza vigelegele. Siku ile shemeji alikuwa mbele ya wote, mkono mmoja tumboni, anapiga vigelegele, anatutazama nyuso zetu mmoja mmoja, na bado hajaacha.