Nafasi ya Mika

Watu wa Uyole walipoona Asukile hatoi chozi msibani, wengine walisema kijana ana moyo mgumu, wengine wakasema ndiyo matunda ya shule, machozi kayaacha Iringa. Wote walikosea. Kulia alitaka sana. Aliketi kati ya wanaume akajikamua, akakumbuka mambo ya kuliza kwa makusudi, lakini wapi. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, ukiufinya hausemi kitu.

Aliyekufa alikuwa Mika, kaka yake. Baba yao alifariki wangali wadogo, na Mika alichelewa kuanza shule kwa sababu ya kuchunga ng'ombe, hivyo ndugu hao wawili walisoma darasa moja na kumaliza la kumi na mbili pamoja, katika sekondari moja nje kidogo ya mji wa Iringa. Matokeo yalipokuja mwaka ule wa 1957, Mika alikuwa ameng'ara. Makerere walimwita. Alikuwa aende kusoma sayansi mpaka apate digrii ya mambo ya kuhifadhi udongo na maji, jambo ambalo wazee wa Uyole walilipokea kwa kicheko.

"Unakwenda Uganda kusoma matuta?" walimtania. "Huyu Bwana Shamba anayetuvunja migongo hajatosha?"

"Nakwenda kusoma ili niwaambie yapi ya kweli na yapi ya kuwatesa," Mika aliwajibu, nao wakacheka zaidi, maana kijana alikuwa na mdomo.

Asukile hakuwa na mdomo. Yeye alipenda miti tu. Njia nzima ya kurudi likizo walikuwa wakibishana, Mika akisema ukiokoa udongo umeokoa vyote, Asukile akisema udongo bila mti ni vumbi linalosubiri upepo. Alama zake zilikuwa za wastani. Mwalimu wao aliipeleka habari yake kwenye chuo cha misitu kule Arusha, ambako mtu husoma miaka michache na kutoka na cheti na kazi, si digrii. Nyumbani Asukile hakulitaja jambo hilo. Mbele ya Makerere, Arusha ingetajwaje?

Kisha homa ya uti wa mgongo ikamchukua Mika katika siku chache tu, sanduku lake likiwa limefungwa tayari kwa safari.

Sasa, kwa Wanyakyusa mtu mzima hafi akaacha mahali pake wazi. Yupo mdogo wake atakayepakalia. Baba mdogo Eliezeri alikuwa mzee wa kanisa na alijua fika kwamba wamisionari hawaipendi mila hiyo, kwa hiyo aliimbisha kwanza wimbo wa kitabuni, beti zote, ndipo akafunga mlango. Asukile akanyolewa, akakalishwa mkekani, akapewa nyengo ya kaka yake, lile panga la mpini mrefu ya kufyekea migomba.

"Kuanzia leo wewe ndiye Mika," Eliezeri alisema. "Mashamba yake yako. Ng'ombe wake wako. Mama yako asikose Mika ndani ya nyumba hii."

Asukile akaitikia. Angeitikia lolote. Wakamwita Mika asubuhi, wakamwita Mika jioni, naye akageuka kila walipoita. Mama yake, Atuganile, akaanza kumwekea kibuyu cha maziwa ya mgando kila mlo, kwa kuwa Mika alikuwa hali ndizi bila maziwa. Asukile tangu utoto maziwa yalikuwa yakimchafua tumbo. Aliyanywa. Hata tumbo lilikuwa limeacha kulalamika.

Makerere ilipokaribia kufunguliwa, Eliezeri alivaa koti lake la kanisani, akamfunga jogoo miguu, akamchukua kijana wakapanda basi la Relwe, la shirika la reli, kwenda Iringa. Njiani aliwaeleza abiria kwamba anampeleka mwanawe Makerere. Abiria walimpongeza Asukile, naye alishukuru. Nje kulikuwa na tambarare za Usangu, kisha baridi ya Makambako, naye alivitazama vyote kama mali ya mtu mwingine.

Mwalimu Bartholomeo, Mhehe mwenye ndevu chache, ndiye aliyeshughulikia mambo ya vyuo pale shuleni, na ndiye aliyewafundisha ndugu wote wawili. Aliwapa pole, akapokea jogoo, akawaketisha.

"Mwalimu, sisi hatuna maneno mengi," Eliezeri alianza. "Mika amelala. Pole tumepokea. Sasa tumekuletea Mika."

"Mika yupi, mzee?"

"Huyu hapa."

"Huyu ni Asukile. Nimemfundisha mwenyewe."

"Alikuwa Asukile. Tumeshamkalisha. Shamba la Mika analima huyu, ng'ombe wa Mika anakamua huyu. Hii nafasi ya Makerere nayo ni ya kwake. Wewe waandikie tu kule Kampala, waambie mwenyewe anakuja."

Mwalimu angecheka, safari ingeishia hapo kwa ugomvi. Lakini alikuwa mtu wa watu, na Wahehe nao wana wafu wao. Alishusha sauti.

"Mzee wangu, chuo si shamba. Nafasi ile alipewa mtu mmoja kwa mtihani wake. Kampala hawajui ukoo wala mkeka. Wanajua namba ya mtihani tu."

"Hata namba tumerithi," alisema Eliezeri bila kupepesa macho.

Mwalimu akatafuta njia nyingine. Akawaonyesha dirishani kitalu cha shule, ambako Asukile mwenyewe alizoea kumwagilia miche.

"Pale mche ukifa tunapanda mwingine shimo lile lile. Lakini ule mpya hatusemi ni ule wa zamani. Unaanza maisha yake."

"Mti hauna mama, mwalimu," Eliezeri akajibu.

Mwalimu Bartholomeo akamgeukia kijana.

"Nikuulize wewe. Makerere kama Mika huwezi kwenda, hilo limekwisha. Kama unaitaka kama wewe, urudie mtihani mwakani. Kichwa unacho, utapita, na digrii utaipata. Lakini Arusha, kwenye chuo cha misitu cha kupata cheti, wamekukubali sasa. Usipokwenda mwezi ujao watampa mwingine. Ukienda Arusha, ujue kabisa: aliyetoka Makerere atakuwa bwana wako siku zote, hata kama mti anaujua kwa picha. Unataka ipi?"

Tangu msiba ulipoingia hakuna aliyemwuliza Asukile anataka nini. Alijitazama ndani na hakukuta kitu. Akajaribu kuifikiria Makerere. Alimwona Mika, anatembea haraka kama kawaida yake, vitabu kwapani, anabishana na Waganda. Alimwona Mika kwenye kila mlango wa jengo lile asilopata kuliona, na yeye mwenyewe hakujiona popote. Akafikiria Arusha. Huko hakumwona mtu. Miti tu, imejipanga, na ubaridi chini yake. Hakikuwa kitu kikubwa, lakini kilikuwa chake.

"Arusha," alisema.

"Mika, fikiri," Eliezeri akamshika goti. "Arusha hakuna digrii. Ukoo mzima hauna hata mmoja mwenye digrii."

"Digrii ilikuwa ya Mika, baba. Mika amekufa."

Neno hilo lilikuwa halijatamkwa na mtu yeyote wa nyumba ile tangu siku ya mkeka. Eliezeri aliachia goti la kijana. Akavua kofia, akaiangalia ndani kana kwamba amesahau kitu humo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mwalimu akajifanya ana kazi na jogoo.

Asukile alihisi kitu kinachoma kifuani, kidogo kidogo, kama mguu unapoanza kuamka. Kila mtu anajua saa hiyo ndiyo mbaya kuliko ganzi yenyewe. Aliuma meno.

Wakapanda basi kurudi. Toka Iringa mpaka Uyole baba mdogo hakumwita kwa jina lolote. Alisema tu "sogea huko" na "shika mzigo." Hakuwa na hasira, alikuwa hajui amwite nani.

Atuganile alikuwa jikoni, ameshaivisha ndizi, kibuyu cha maziwa kimewekwa mahali pake. Alisikia hatua zao, akatoka akifuta mikono.

"Wamekubali?"

Eliezeri alizungusha kofia mkononi. "Wamesema nafasi ile ilikuwa ya Mika," alisema. "Na Mika hayupo."

Mama alimtazama shemeji yake, kisha akamtazama mwanawe. "Na wewe?"

"Nakwenda Arusha, juba, mama yangu. Kusoma misitu."

"Misitu," mama alirudia. Akafuta mikono tena. "Toka mdogo ulikuwa unaleta majani ndani ya nyumba yangu. Nikifagia, nikifagia, hayaishi."

Akaingia ndani. Asukile alipoketi kwenye chakula, mama aliinama, akakichukua kibuyu cha maziwa, akakirudisha kwenye kona ya vyombo, akakifunika. Akarudi na bakuli la maharage ya jana, yale mazito aliyoyapenda Asukile tangu mtoto, akaliweka mbele yake.

"Kula, Asukile," alisema.

Kisha akatoka uani. Kilio alichokipiga kilivuka migomba mpaka barabarani. Majirani walikuja mbio, wengine na majembe mkononi, mwanamke mmoja na mtoto mgongoni, wakamkuta Eliezeri mlangoni.

"Nani tena?" walimwuliza. "Nani amekufa?"

"Mika," Eliezeri aliwaambia. "Mika amekufa."

Wakatazamana, wasielewe, maana walikuwa wamemzika wenyewe. Ndani, Asukile alikuwa na tonge la ndizi na maharage mdomoni, na machozi yanamchuruzika mpaka bakulini.