Siku Baba Alipovua Koti

Nani kasema baba yangu alikuwa na maringo? Aje aniambie usoni, asiandike kwenye kundi la ukoo akiwa amejificha nyuma ya simu. Mtoto wa mjomba katuma picha ya zamani: sisi watoto tumelowa, meno nje, na nyuma yetu baba amekaa juu ya jiwe ufukweni Mbamba Bay, jua la mchana, kavaa koti. Chini kaandika eti mume wa shangazi alikuwa anatuona wavuvi tunanuka. Watu wakacheka. Mimi nikatupa simu kitandani, maana ningejibu palepale ningetukana watu wazima. Sasa nimepoa kidogo. Kaa nikueleze.

Kwetu ni Maguu, juu milimani, kwenye kahawa. Miaka ile soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi walipanda na malori yao mpaka karibu na mlango wako, na mitumba ikajaa mnadani. Koti la baba lilitoka huko, la sufu, zito, mfuko wa ndani una peremende. Asubuhi za mwezi wa saba kwetu baridi inang'ata. Unaamshwa na moshi wa jikoni, unakunywa uji, halafu kazi: mmoja anazungusha mashine ya kumenyea kahawa, mwingine anamwaga maji, mwingine anachambua mbovu kwenye kichanja. Vidole vinanata, harufu ya maganda yaliyochacha inakufuata hadi kwenye ugali. Hatukulalamika, maana kahawa ikishauzwa tunashuka ziwani kwa bibi, mama yake mama.

Tulikuwa tunaomba lifti kwenye lori lililokuwa linafuata usipa, wale dagaa wa ziwani. Tunakaa juu ya magunia ya maharage ya kumpelekea bibi. Kona baada ya kona joto linapanda, masweta yanavuliwa moja moja, halafu ghafla ziwa hilo hapo, bluu mpaka macho yanakosa pa kuishia. Mama palepale anabadilika sauti, anaanza Kinyasa, lugha ya kwao ziwani, na kucheka kama msichana. Ni baba peke yake ambaye havui kitu.

Bibi alikuwa anaanika usipa ufukweni, na kutwa nzima anakaa kwenye kigoda anafukuza kunguru kwa fimbo. Sasa huyo ndiye mama mkwe wa baba, na mkwe wa wakati ule, rafiki yangu, hakuwa mtu wa kupiga naye soga. Baba alimpa shikamoo akiwa amechuchumaa mbali, macho chini. Hawakula pamoja. Hawakuongea ana kwa ana. Waliongea kupitia mimi, ingawa kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie baba yako ale samaki, asikae na njaa kama mgeni."

"Mwambie bibi yako nimekula, nashukuru."

"Mwambie, kama kweli amekula, miiba iko wapi?"

Mjomba naye, kaka yake mama, hakuwa na huruma. "Shemeji, ingia majini! Au huko Maguu mnaoga umande?" Wavuvi wanacheka mpaka wanakaa chini. Baba anatabasamu, anafunga kifungo kingine. Na mimi roho inaniuma, kwa sababu wenzangu wote walikuwa wanabebwa na baba zao mpaka kwenye kina, mimi naishia magotini. Nilitaka siku moja tu, na mimi nibebwe.

Mwaka mmoja nikashindwa kuvumilia. Nikamrushia mjomba mchanga mkono mzima. Mama akanichapa kofi, nikaenda kulilia pale kwenye jiwe la baba.

"Baba, kwani unaogopa maji?"

Akacheka kimyakimya. Kumbe alisoma bweni Liuli, kandokando ya ziwa hilihili, na utoto wake wote alikuwa anaogelea. "Haya maji nayaota, mwanangu. Lakini bibi yako yule pale. Hata koti naona haya kulivua mbele ya mama mkwe wangu, sembuse shati?"

Basi nikapeleka ujumbe ambao hakuna aliyenituma. "Bibi, baba anajua kuogelea. Anataka kuingia, ila wewe upo."

Mama akashika mdomo. Bibi akatazama usipa wake, akatazama kunguru waliotanda juu ya paa. Kisha akasimama, akajifunika kanga kichwani, akageuza kigoda kikaelekea milimani, akakaa. Ziwa nyuma yake, usipa wote nyuma yake.

"Mwambie baba yako," akasema kwa sauti ya kufika Malawi, "mimi leo naangalia milima."

Baba akavua koti. Akavua shati. Akaingia kwanza peke yake, akapotea chini, akaibukia mbali huko. Mjomba mdomo wazi.

"Anaelea?" bibi akaniuliza, uso uleule milimani.

"Anaelea, bibi!"

"Kafika wapi?"

"Kwenye mtumbwi ule wa mbali!"

"Mwongo wewe!" Nikaona mabega yake yanatetemeka kwa kicheko, lakini shingo haikugeuka. Kunguru wakashuka kwenye usipa. Nikataka kukimbia nikawafukuze, akanidaka mkono. "Waache. Endelea kuniambia."

Halafu baba akarudi kunichukua. Akanipandisha mabegani, akanipeleka mpaka mahali ambapo maji yana joto juu na baridi miguuni, na mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Bibi alifariki hajawahi kumwona mkwe wake akiogelea, ingawa aliwasimulia watu kama aliyeona kwa macho yake. Baba naye tumeshamzika. Siku hizi kuna lami, unashuka ziwani asubuhi na jioni uko nyumbani. Wakwe wanacheza muziki pamoja harusini, wanapigiana simu za picha. Sawa, sikatai, wanafurahi. Ila ile heshima ya kumwachia mwenzako nafasi avue shati lake, sijui tumeiacha kona ipi ya barabara.

Maana yule bibi, kazi yake ya siku nzima inaliwa nyuma ya mgongo wake, anatamani kuona kuliko mtu yeyote pale ufukweni, na hageuki. Wewe ungeweza?