Siku Niliyomwinua Rafiki Yangu

Kwa miaka mingi niliwasimulia wanafunzi wangu huku Runyenjes jinsi nilivyoshinda mbio za mita elfu moja na mia tano katika uwanja wa Kinoru, nikiwa kidato cha pili. Rafiki yangu wa bwenini alianguka nyuma yangu kwenye kona ya mwisho. Mimi nilimaliza, kisha, kabla hata sijavuta pumzi, nikarudi kumwinua, tukauvuka mstari pamoja watu wakishangilia. Watoto hunipigia makofi. Mmoja aliwahi kulia.

Mwaka jana nilienda sokoni Makutano kununua njahi, yale maharagwe meusi. Mwanamke aliyekuwa akinipimia alinitazama usoni, akaacha kupima. Alikuwa yule rafiki yangu wa bwenini! Nilimkumbatia juu ya magunia, na kwa kuwa palikuwa na wateja wengine, nikajitambulisha kuwa mwalimu, nikaanza kuwasimulia kisa chetu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hukurudi," akasema.

"Sikurudi wapi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nilipoanguka, uliniruka kama mtu anayeruka mtaro. Aliyeniinua ni mpishi wa shule. Wewe ulikuwa umebebwa juu juu, unaimba."

Wateja walinigeukia. Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nilicheka, nikamjibu kwa ile sauti ninayoitumia kwa watoto wa darasa la nne: "Mpenzi, siku ile ulikuwa na maumivu. Mwenye maumivu hakumbuki vizuri."

Akatoka nyuma ya magunia, akatembea hatua chache mbele yangu. Goti lake la kushoto halikukunjika hata kidogo.

"Mimi nakumbuka kila nikiamka," akasema. "Wewe ulikuwa na furaha, mwalimu. Ungekumbuka nini? Haya, njahi kilo ngapi?"

Nyumbani nilimpigia simu mwalimu wetu wa michezo, siku hizi mzee aliyestaafu. Nilitaka aseme kwamba yule mama anadanganya.

"Ulimruka," akasema. "Sikukugombeza kwa sababu tulikuwa tumeshinda. Baadaye nikasikia unavyosimulia. Nikaona inapendeza, nikakuacha."

Tangu hapo nimejaribu kuliona lile anguko. Silioni. Nafumba macho na kinachonijia ni jua, vifijo, na uso wake ukinishukuru. Nauona wazi kuliko uso wa mume wangu siku ya harusi yetu, na nikiuona moyo wangu bado unafurahi. Hilo ndilo linaloniaibisha.

Wiki iliyofuata nilirudi Makutano kumwomba msamaha. Nilijitahidi kusema yote, hata yale ya mzee. Aliendelea kupepeta maharagwe.

"Sasa umekumbuka?" akaniuliza.

Ningeweza kumdanganya. "Hapana," nikasema. "Nimeambiwa tu."

"Basi unaniomba msamaha wa maneno ya watu." Akageukia mama aliyesimama nyuma yangu. "Karibu, mama, nikupimie. Na wewe mwalimu, sogea, unawazibia wateja njia."